Ukimpa Mtu Mbwa, Mpe na Chipu: Mwongozo Kamili wa Kuhamisha Usajili England

Chipu ya mbwa haina jina la mtu. Haina anwani, haina namba ya simu, wala haiwezi kukuonyesha mbwa alipo. Ni kitu cha ukubwa wa punje ya mchele chenye namba moja tu ya tarakimu 15, kinachokaa kimya chini ya ngozi mpaka skana ipite juu yake. Jina lako, mtaa wako na simu yako viko kwingine, kwenye kanzidata ya kampuni ya usajili. Ndiyo maana mbwa anaweza kuwa na chipu nzima inayosomeka vizuri na bado anayemfuga akawa na kosa, kwa sababu jina linalotokea ni la mtu aliyemtoa miaka mitatu iliyopita.

Usajili huharibikia pale mbwa anapotoka kwa mtu kwenda kwa mwingine. Ndoa imevunjika, bibi amefariki na wajukuu wanagawana vitu, mwanafunzi anahama chumba, rafiki anarudi Mombasa moja kwa moja na anatafuta mtu wa kumwachia mbwa wake. Mbwa anakwenda na kamba yake, bakuli lake na mfuko wa chakula uliobaki. Chipu hakuna anayeitaja.

Mwongozo huu nimewaandikia wasemaji wa Kiswahili wanaoishi England: anayetoa mbwa, anayepokea, na wenzetu wanaofanya kazi kwenye halmashauri au vituo vya mbwa waliopotea, ambao kazi ya kusimamia kanuni hizi iko mikononi mwao. Msimamo wangu ni kwamba mahali pa kuisimamia sheria hii ni mlangoni, siku ya makabidhiano, kabla fedha haijatoka mfukoni. Afisa akifika miezi sita baadaye anakuta nusu ya ushahidi haupo na mtu wa kwanza habari zake hazijulikani.

Sheria inadai nini

Tangu tarehe 6 Aprili 2016, kila mbwa England aliyefikisha wiki 8 lazima awe na chipu, na taarifa za anayemfuga ziwe kwenye kanzidata inayotimiza masharti ya serikali. Kanuni za mwanzo zilikuwa za mwaka 2015. Tangu tarehe 10 Juni 2024 zinazotumika ni za mwaka 2023, ambazo zimewaingiza na paka. Scotland na Wales wana kanuni zao zilizoanza siku ileile ya 2016, na Ireland ya Kaskazini iliiunganisha chipu na leseni ya mbwa tangu 2012. Hapa nazungumzia England.

Mbwa anapohama, kuna mambo mawili. La kwanza, hakuna ruhusa ya kumkabidhi mtu mbwa ambaye bado hana chipu. La pili, anayempokea ndiye mwenye wajibu wa kuhakikisha jina lake kamili, anwani na simu vimeingizwa kwenye kanzidata, pamoja na jina jipya la mbwa kama limebadilishwa, isipokuwa kama yule wa zamani ameshafanya hivyo. Soma tena hiyo sentensi. Watu wengi hudhani kazi hii ni ya aliyeuza. Aliyeuza akikaa kimya, mzigo ni wako.

Msamaha ni mmoja wenye maana kwa watu wa kawaida: daktari wa wanyama anaweza kutoa cheti kwamba mbwa huyu kiafya hafai kuwekewa chipu, na cheti hicho kitaje ni kwa muda gani.

Jua kwanza mfugaji ni nani

Kanuni haziulizi nani alitoa fedha. Zinauliza mbwa anaishi na nani kwa kawaida. Mtoto mchanga wa mbwa huhesabiwa kuwa chini ya mwenye jike aliyemzaa. Mbwa wa kumsaidia mlemavu huwa chini ya taasisi iliyomfunza na kumtoa, mpaka astaafu kazi hiyo. Wengine wote, angalia wanalala wapi.

Hili lina uzito kwetu kwa sababu maisha yetu yamegawanyika kati ya huku na nyumbani. Ukienda Dar es Salaam kwa wiki sita na binamu yako akabaki na mbwa, usajili haujabadilika, ila mpe kampuni ya usajili namba ya binamu kama mtu wa pili wa kupigiwa. Ukienda kwa mwaka mzima, na mbwa sasa analala, anakula na anatembezwa na binamu, mfugaji ni binamu. Badilisheni usajili, na kwa upande andikeni karatasi yenu ya makubaliano kwamba ukirudi utamchukua.

Nasema muandike karatasi kwa sababu jina kwenye kanzidata si hati ya umiliki. Linaonyesha mbwa yuko kwa nani. Mgogoro wa nani mwenye mali ukifika mahakamani, risiti, ujumbe wa simu, bima na rekodi za daktari vitaangaliwa pia. Nimewaona ndugu wakinyimana usajili kwa hofu kwamba kubadilisha jina ni kumpoteza mbwa, na hofu hiyo inamwacha mbwa bila mtu wa kupigiwa simu.

Hatua ya 1: anayetoa ajiandae wiki moja kabla

Tafuta namba ya chipu. Iko kwenye karatasi uliyopewa siku alipowekewa, au kwa daktari wake, au kwenye pasipoti yake ya wanyama kama anayo. Ukikosa kote, mpeleke kliniki yoyote wamsome chipu kwa skana. Ni kazi ya dakika moja.

Ukishapata namba, iingize kwenye mtandao wa kampuni mojawapo ya usajili, kama Petlog ya Kennel Club. Uingereza haina kanzidata moja. Ziko kadhaa, kila moja na wateja wake, ila ukiuliza kwenye mojawapo utaambiwa chipu hiyo imesajiliwa wapi. Ingia kwenye akaunti yako huko uone kilichoandikwa. Kama wewe mwenyewe ulihama nyumba na hukubadilisha anwani, rekebisha kwanza. Mpokeaji atakwama kama kampuni itatuma uthibitisho kwenye barua pepe uliyoiacha zamani.

Kisha uliza kampuni yako utaratibu wa kuhamisha. Baadhi hutoa msimbo wa kumpa mpokeaji, baadhi hutaka wewe uanzishe mwenyewe kwenye akaunti, baadhi hutumia fomu ya karatasi yenye sahihi. Nyingine hutoza ada, nyingine hazitozi. Kubalianeni mapema nani atalipa, isije ikawa kisingizio.

Kama mbwa hana chipu kabisa, makabidhiano yasubiri. Mweke chipu kwa daktari au mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Ulizia pia mashirika ya hisani ya mbwa ya eneo lako. Yapo yanayofanya kazi hii bure au kwa bei ndogo.

Hatua ya 2: msome mbwa mbele ya wote wawili

Hapa sitaki mtu aruke. Karatasi inaweza kuwa ya mbwa mwingine. Namba iliyo mwilini ndiyo inayomhusu huyu. Kutaneni kwenye kliniki ya daktari, au azimeni skana, na msomeni mbwa mkiwepo nyote.

Skana ipitishwe polepole, karibu kabisa na manyoya, kuanzia katikati ya mabega, ambako chipu huwekwa, ikizunguka kushuka upande mmoja wa shingo, kifuani, kwenye miguu ya mbele mpaka kwenye kiwiko, kisha upande wa pili. Chipu huweza kusogea mwilini kadiri miaka inavyokwenda, na mtu anayepitisha skana mara moja mgongoni kisha akasema “hana kitu” hajamsoma huyo mbwa. Ondoa kola yenye chuma nyingi. Skana ikilia, endelea kidogo, maana wapo mbwa wenye chipu mbili.

Namba ikitokea, mmoja aisome kwa sauti na mwingine aandike. Kisha mbadilishane, aliyeandika asome na mwingine alinganishe na skana. Tarakimu 3 za mwanzo huonyesha nchi au kiwanda kilichotengeneza, zilizobaki ndizo zake peke yake. Kupishanisha tarakimu mbili tu kunamsajili mbwa ambaye hayupo duniani. Piga picha ya kioo cha skana.

Hatua ya 3: usitoe fedha kabla ya kuona jina

Mwambie muuzaji afungue akaunti yake mbele yako. Angalia mambo matatu: namba ni ileile ya kwenye skana, jina ni la huyu anayekuuzia, na mbwa hajaandikwa kuwa amepotea au ameibiwa. Muuzaji mkweli hatakasirika.

Kwa watoto wa mbwa kuna la ziada. Aliyewazalisha ndiye anapaswa kuwa mtu wa kwanza kwenye usajili, na inaandikwa wazi kwamba yeye ndiye mzalishaji. Kama ana leseni ya halmashauri, namba ya leseni huandikwa pia. Tangu tarehe 6 Aprili 2020, dukani au kwa dalali England hairuhusiwi kuuzwa mbwa wa chini ya miezi 6. Mnunuzi aende kwa mzalishaji mwenyewe na amwone mtoto akiwa na mama yake, au aende kituo cha kuokoa wanyama. Ukiona chipu ya mtoto wa wiki 9 imesajiliwa kwa jina lisilo la mtu unayeongea naye, ondoka. Hata kama watoto wako wameshampenda na wanalia ndani ya gari.

Wizi wa mbwa si jambo dogo tena. Sheria ya Utekaji wa Wanyama Wafugwao ilianza kutumika England tarehe 24 Agosti 2024, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka 5.

Mkiridhika, andikeni karatasi moja yenye tarehe, majina na anwani zenu wote wawili, namba ya chipu, maelezo ya mbwa, na sentensi kwamba anayetoa anakubali usajili uhamie kwa anayepokea. Tieni sahihi, kila mmoja abaki na nakala. Halafu, mkiwa bado mmekaa hapohapo, anzisheni uhamisho kwenye simu. Ukisema “nitafanya kesho,” hiyo kesho ndiyo inayowajaza mbwa kwenye vizimba vya halmashauri.

Hatua ya 4: kamilisha, kisha hakiki

Kwa kawaida kampuni humwandikia aliyesajiliwa na kumpa siku kadhaa za kupinga kabla ya kubadilisha jina. Kwa hiyo usishangae uhamisho usipokamilika saa ileile. Weka kumbusho kwenye simu, rudi uangalie. Ukipata uthibitisho, soma kila kitu: tahajia ya jina lako, posti kodi, namba ya simu unayoipokea kweli. Jina kama Mwanahamisi au Nyirahabimana linaweza kukatwa au kuandikwa ovyo; lirekebishe.

Jihadhari na mitandao inayojifanya kuwa ya usajili. Orodha ya kanzidata zinazotimiza masharti iko kwenye tovuti ya serikali, GOV.UK. Iliyo nje ya orodha hiyo itachukua fedha yako na mbwa wako ataendelea kuhesabiwa kuwa hajasajiliwa.

Kola nayo isisahaulike. Amri ya mwaka 1992 inataka mbwa akiwa mahali pa umma avae kola yenye jina na anwani ya mwenyewe. Chipu haikuondoa sharti hilo.

Kama mfugaji wa zamani hapatikani

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Una mbwa tangu zamani, aliyekupa hupati hata salamu yake, na chipu imesajiliwa kwa jina usilolijua. Kampuni haitakupa anwani yake, kwa sababu ya sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, na usipoteze muda kuwasihi. Waombe wao wawasiliane naye kwa niaba yako. Wapelekee ushahidi wako: karatasi ya makabidhiano kama ipo, rekodi za chanjo zenye jina lako, bima, picha za tarehe mbalimbali. Asipojibu ndani ya muda wao, kampuni huamua kwa utaratibu wake. Hifadhi kila barua pepe, maana afisa akija, hizo ndizo zinazoonyesha kwamba hukukaa tu.

Akijibu na kusema mbwa aliibiwa, ongea na polisi mapema, na usimpe mtu mwingine mbwa huyo.

Mbwa anayetoka Nairobi, Dar au Kampala

Mpangilio hapa ni wa lazima: chipu kwanza, chanjo ya kichaa cha mbwa baadaye. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki, na atachanjwa upya. Kenya, Tanzania na Uganda haziko kwenye orodha ya nchi zilizolegezewa masharti, kwa hiyo damu itachukuliwa angalau siku 30 baada ya chanjo ili kupima kinga, matokeo yafike 0.5 IU/ml au zaidi, na mbwa asubiri miezi 3 tangu damu ichukuliwe. Dawa ya minyoo ya tegu hutolewa na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia.

Akishafika, una siku 30 kuhakikisha usajili wake umekaa kwenye kanzidata inayokubalika huku. Hahitaji chipu ya pili kama ya kwanza ni ya kiwango cha kimataifa cha ISO na inasomeka. Namba ileile inasajiliwa. Na kama unamleta ili umuuze au umpe mtu, masharti ya safari ni mengine kabisa, kwa sababu hilo huhesabiwa kuwa biashara. Usimwambie mtu wa mpakani kuwa ni wako, wakati mwenyewe anakusubiri mjini Reading.

Upande wa afisa: kusimamia bila kumuonea mtu

Wenye mamlaka ni maafisa walioidhinishwa na halmashauri, askari polisi na maafisa wa jamii wa polisi. Mara nyingi mambo huanza hivi. Mbwa ameokotwa bustanini, chipu inasomeka, unapiga namba iliyosajiliwa.

“Huyo? Nilimpa dada mmoja tuliyekuwa tunasali naye. Mwaka juzi. Namba yake sina tena.”

Usikate simu. Uliza jina la dada huyo, kanisa, mtaa, tarehe, kama kulikuwa na ujumbe wowote. Andika maneno yake na saa uliyompigia. Kumbuka kinachoendelea wakati huo: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Mazingira ya 1990, halmashauri humpelekea mwenye mbwa notisi na kumpa siku 7 kamili, zikipita, mbwa anaweza kuuzwa, kutolewa au kuuawa. Notisi ikienda anwani ya zamani, siku zinahesabika na dada wa watu hajui lolote. Akija kwa wakati, atalipa pauni 25 za kisheria pamoja na gharama za kumtunza, na atamchukua.

Ukishampata mfugaji wa sasa, kwanza thibitisha kwamba mbwa anaishi naye kweli. Chapisha ukurasa wa kanzidata wenye tarehe. Kisha mweleze. Watu wengi hurekebisha siku hiyohiyo wakielezwa vizuri, na ningependa kila afisa aanzie hapo. Ikiwa Kiingereza chake ni kidogo, tafuta mkalimani kwa simu. Usimtumie mtoto wake wa miaka kumi kumtafsiria mama habari za faini.

Asipofanya, mpe notisi ya maandishi: mbwa gani, namba gani ya chipu au kwamba hana, kipi kinakosekana, na kwamba ana siku 21. Andika tarehe na namna ulivyomkabidhi. Unayo mamlaka ya kumchukua mbwa ili umsome hata kama mfugaji hakubali, lakini hiyo si ruhusa ya kupita mlango wa mtu bila kukaribishwa.

Siku 21 zikiisha, angalia kanzidata tena asubuhi inayofuata na uchapishe ulichokiona. Kama bado, kuna njia mbili. Halmashauri inaweza kumwekea mbwa chipu yenyewe na kumdai mfugaji gharama. Au inampeleka mahakama ya mahakimu, ambako faini hufika pauni 500. Hakuna faini ya papo kwa papo kwenye kanuni hizi. Usimtishie mtu nayo. Ukikusudia kushtaki, mhoji baada ya kumpa onyo la kisheria, na usichelewe: shauri la aina hii lifunguliwe ndani ya miezi 6 tangu kosa litendeke.

Na umrudie pia aliyemtoa. Kama alimkabidhi mbwa asiye na chipu, yeye naye amevunja kanuni, na mara nyingi ndiye anayeendelea kuuza wengine.

Ukipokea notisi wewe

Usiifiche kwenye droo. Siku hiyohiyo mpeleke mbwa asomwe chipu, ingia kwenye kanzidata, anzisha mabadiliko, na umwandikie afisa ukimtumia picha ya uthibitisho wa maombi. Kama kampuni bado inamsubiri mfugaji wa zamani, mwambie afisa hivyo kabla siku 21 hazijaisha na umpe namba ya maombi yako. Kama mbwa ni mgonjwa, mwombe daktari cheti chenye muda. Na kama mbwa hayuko kwako tena, andika alikokwenda, lini na kwa nani, kisha mpigie aliye naye umwambie atarajie simu ya halmashauri.